Ekstra anayeanza: tamthilia, tangazo au filamu ya wageni?

Mpwa wangu wa Kisauni, Mombasa, amemaliza kozi yake ya hoteli, kazi bado hajapata, na mwezi uliopita alinipigia simu usiku. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, joto limezidi. Kisha akatoa la moyoni: "Mjomba, nataka kuja Nairobi nifanye uekstra. Kuna wanaotafuta watu wa tamthilia, kuna wa tangazo la unga, na rafiki yangu ananiambia ningoje filamu ya Wazungu kwa sababu hao ndio wanaolipa. Nianze na ipi?"

Nilimjibu nusu kwenye simu na nusu kwa maandishi. Maandishi yenyewe ndiyo haya, nimeyapanua kidogo kwa wenye swali kama lake. Mimi nimekaa meza ya nyuma miaka tisa. Nimekuwa abiria, mahabusu, mteja wa baa, mzee wa kanisa (mimi, Muislamu wa Mombasa) na maiti mara mbili. Mbele ya kamera sijawahi kusema zaidi ya maneno kumi na mawili, kwa hiyo anayetafuta siri za kuwa nyota amekosea mlango.

Ekstra ni yule anayekunywa chai meza ya pili wakati mume na mke wanagombana meza ya kwanza. Hana maneno. Akipewa neno la kusema likasikika, hata "Karibu", amevuka mpaka na malipo yanapaswa kubadilika. Likumbuke hilo siku utakapoambiwa "sema tu hapo kitu kidogo". Kazi yenyewe si ya kudharau. Mtaa usio na wapita njia hauaminiki kwenye skrini hata aigize nani. Mwaka 1981 kule Delhi, kwa sini ya mazishi katika filamu ya Gandhi, walikusanyika watu wapatao 300,000, na idadi hiyo iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Wote hao walikuwa watu wa nyuma.

Uso ni mtaji, na kila kazi inautumia kivyake

Watu hulinganisha kazi hizi kwa pesa. Mimi huanza na uso.

Katika tamthilia, ekstra mzuri ni yule ambaye hakuna aliyemkumbuka. Ukipotea vizuri kule nyuma, utaitwa tena: leo mteja wa mkahawa, keshokutwa mgonjwa kwenye foleni ya hospitali. Ukijitia kimbelembele, ukaangua kicheko mpaka mtazamaji akauliza "huyu naye ni nani?", mratibu, yule anayewatafuta na kuwaita maekstra, hawezi kukurudisha kwenye hadithi ile kama mtu mwingine. Anakuweka kando wiki kadhaa mpaka usahaulike.

Tangazo ni kinyume chake. Unalipwa ili uonekane, na ukishaonekana umeungua kwa bidhaa zote za aina ile. Ukicheka na unga wa kampuni moja, kampuni ya pili ya unga haikutaki.

Filamu ya wageni yenye watu mia mbili barabarani haina habari na uso wako. Inachonunua ni mtu mmoja zaidi aliyevaa nguo zinazofaa. Unaingia bila jina na unatoka vilevile, na uso wako unabaki mzima.

Kwa hiyo kabla hujauliza nani analipa zaidi, jiulize unataka uso wako ufanywe nini.

Tamthilia za hapa: siku nyingi, pesa kidogo, shule kubwa

Hapa Kenya tamthilia ndizo zinazokula watu. Tahidi High ya runinga ya Citizen ilikuwa hadithi ya shule, na shule bila wanafunzi haipo. Zikaja Mother-in-Law, Maria na Zora kwenye Citizen hiyohiyo, na upande wa chaneli za Maisha Magic tukawa na Selina na Kina. Wenzetu Tanzania wakawa na Huba na Jua Kali. Hadithi inayotoka siku kadhaa kila wiki lazima ipigwe kwa kasi, sini nyingi kwa siku moja, na karibu kila siku kuna mkahawa, ofisi, hospitali au matanga. Hapo ndipo penye nafasi yako. Unaweza kupata siku sita au saba kwa mwezi ukishajulikana kuwa hufiki umechelewa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye godauni moja karibu na Barabara ya Mombasa. Kuripoti saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sini yetu ilianza saa mbili. Ilikuwa sini ya klabu ya usiku, na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi ilhali nje jua linawaka. Tulikuwa watu ishirini na watatu. Kila aliyevaa viatu vya kisigino alibandikwa vipande vya zulia chini ya soli. Muziki ukapigwa kama sekunde kumi ili tushike mdundo, halafu ukazimwa, tukaambiwa tuendelee kucheza.

Hebu fikiria. Watu wanarusha mikono, midomo inapiga kelele isiyotoka, na kinachosikika mle ndani ni nguo zinavyosuguana tu, na mhusika mkuu akimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto si wake. Fundi sauti anataka maneno hayo yatoke safi. Muziki utamwagwa juu yake baadaye. Baada ya dakika moja kila mtu ana mdundo wake, na umati unaonekana kama watu wanaofukuza nyuki. Msichana aliyekuwa mbele yangu alikuwa akihesabu kwa midomo, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne. Nikamfuata yeye. Mpaka leo nikiwekwa kwenye sini ya dansi namtafuta kwanza anayehesabu.

Bia tulizoshika zilikuwa soda ya tangawizi, na pombe kali ilikuwa chai ya rangi. Mimi nilikuwa na kiu nikainywa ile chai yote teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza sini ilipopigwa. Teki ya pili mama wa mwendelezo, yule anayeangalia kwamba kila kitu kinabaki kilivyokuwa, akanijia na birika, akaijaza glasi mpaka alama ileile, akanitazama bila kusema neno. Kwenye kupachanisha picha, glasi iliyojaa ikifuatwa na tupu kisha iliyojaa tena, mtazamaji anacheka mahali pa kulia. Shika glasi kwa mkono uleule, unywe shujaa anapokunywa, na kila mara ulowanishe midomo tu.

Haya hakuna anayekufundisha. Unayaokota. Utajua kwamba anayekupanga ni msaidizi wa mwongozaji, si mwongozaji mwenyewe, na ukimwendea mwongozaji kumuuliza usimame wapi umejiharibia. Utajua kwamba amri huja mara mbili: kwanza wanaitwa watu wa nyuma waanze kutembea, halafu ndipo waigizaji wanaambiwa waanze, ili kamera ikute mtaa tayari una uhai. Utajua kwamba "rudini mwanzo" maana yake ni kurudi ulipoanzia hasa, hatua kwa hatua, pengine mara kumi na nne. Na utajua kungoja. Katika saa kumi na mbili za siku ile nilicheza labda dakika arobaini. Zilizobaki nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu wakisimulia filamu walizokosa.

Pesa? Nililipwa shilingi 1,500 na nauli ikala 300. Zilikuja kwa M-Pesa wiki ya tatu, baada ya kukumbusha mara mbili. Viwango hutofautiana kutoka nyumba moja ya utayarishaji hadi nyingine, lakini sijakutana na ekstra wa tamthilia anayelipa kodi ya nyumba kwa kazi hii peke yake. Usije Nairobi ukiwa na hesabu hiyo.

Faida ya tamthilia ni kwamba watu ni walewale. Baada ya miezi mitatu mratibu anajua jina lako, mtu wa mavazi anajua saizi yako, na siku mwigizaji mdogo asipotokea, yule wa "Daktari, mgonjwa ameamka", macho yao yanatua kwa wewe uliyekaa pale. Yale maneno yangu kumi na mawili yote nimeyapata hivyo.

Tangazo: pesa nzuri, na fomu ndefu

Kwa tangazo hukai kiti cha plastiki bila kuchujwa. Kuna usaili. Unasimama mbele ya ukuta mweupe, unataja jina na urefu, unageuka kulia, unageuka kushoto, unaonyesha viganja mbele na nyuma. Kisha unaambiwa: "Umeonja uji, ni mtamu kuliko ulivyotarajia." Hakuna uji. Unakunywa hewa mbele ya watu wanne walioinamia simu zao. Watu themanini wanaitwa, wanachaguliwa watano, na anayechagua mwisho ni mwenye bidhaa, ambaye pengine anataka tu mtu anayefanana na mteja aliye kichwani mwake. Ukikosa usitafute sababu.

Ukipata, siku moja inaweza kulipa kuliko mwezi mzima wa tamthilia. Mimi niliwahi kupata shilingi 15,000 kwa tangazo la maziwa nikiwa baba wa tatu kutoka kushoto. Tofauti ni kubwa, na ndiyo inayowavuta vijana. Ila uchovu wake una namna yake. Kwenye chakula kuna ndoo chini ya meza: unauma, unatafuna, unatabasamu, kamera ikikatwa unatema. Nilikuwa na mwenzangu kwenye tangazo la mkate aliyejiona hodari akameza kila kipande. Kufikia saa nane mchana alikuwa hawezi kuutazama mkate.

Sasa fomu. Kwenye tamthilia unasaini karatasi moja. Kwenye tangazo soma kila mstari, hata kama kijana wa utayarishaji amesimama kichwani pako akigonga kalamu. Tazama picha zako zitatumika kwa muda gani: miezi sita, mwaka mmoja, au milele. Tazama ni wapi: Kenya tu, Afrika Mashariki, au dunia nzima. Tazama ni kwenye nini: runinga, mabango ya barabarani, mitandao. Mabango yana bei yake. Usiyatoe bure ndani ya neno "na vyombo vinginevyo". Halafu tafuta kifungu kinachokuzuia kufanyia kazi washindani, na kitadumu mpaka lini. Fomu yangu ya maziwa ilisema picha zitumike "katika ulimwengu wote na kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa". Nikacheka, nikafikiria bango langu huko Mirihi, nikasaini. Miaka miwili baadaye kampuni nyingine ya maziwa iliniita, usaili ukaisha vizuri, wakauliza kama nimewahi kufanya tangazo la maziwa, nikasema ndiyo, wakanishukuru kwa kufika. Tangazo la kwanza lilikuwa halionyeshwi tena. Kifungu kilikuwa hai.

Maneno "njia itakayobuniwa" si ya mzaha siku hizi. Mwaka 2023 chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kiligoma siku 118, na moja ya hoja zao ilikuwa kuwapiga maekstra picha mwili mzima kwa kompyuta kisha kuwatumia tena bila wao kuwepo. Walipata kwamba lazima mtu aridhie. Sisi hatuna chama chenye nguvu hizo, kwa hiyo ukiambiwa usimame katikati ya kamera nyingi uzungushwe, uliza ni za nini.

Malipo ya tangazo hupita kwa wakala, na wakala hulipwa na kampuni ya matangazo, nayo hulipwa na mteja. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Zangu zilichukua miezi minne, wakala akakata asilimia 20 yake, na juu yake kodi ya zuio ya asilimia 5. Uwe na PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, mapema, na udai cheti cha hiyo kodi. Ni pesa yako imetangulia serikalini.

Filamu ya wageni: kubwa, safi, na adimu

Rafiki wa mpwa wangu hakudanganya. Wageni hulipa vizuri kuliko tamthilia, hulisha vizuri, na saa zikizidi huhesabu. Kazi niliyoifanya na kikundi cha nje ilinilipa mwisho wa kila siku, kwa karatasi yenye namba yangu. Ndiyo, namba. Nilikuwa 147. Siku tatu hakuna aliyeniita jina, na sikuona ubaya.

Tatizo ni kwamba haiji. The Constant Gardener ilipigwa Kibera na Loiyangalani, ikatoka mwaka 2005, na watu wa mitaa ile bado wanaisimulia, pia kwa sababu watayarishaji waliacha mfuko wa hisani wa kusaidia pale. Sense8, tamthilia ya Netflix, ilileta mtaa na matatu za Nairobi kwenye skrini za dunia mwaka 2015. Baina ya hizo na nyingine chache, kuna miaka mikavu. Hadithi ya kwetu si lazima ipigwe kwetu: Hotel Rwanda ya 2004 kwa sehemu kubwa ilipigwa Johannesburg, na hata Queen of Katwe, hadithi ya Kampala, ilipigwa kwa sehemu Afrika Kusini. Huko wana studio, wana mafundi wengi, na serikali hurudishia watayarishaji sehemu ya gharama. Anayekaa Nairobi akingoja filamu ya Wazungu ni kama anayengoja meli ufuoni bila kujua kama iliondoka bandari ya kwanza.

Tena inapokuja, haitafuti kila mtu. Inatafuta wafugaji wanaojua kuswaga ng'ombe mbele ya kamera, mabaharia wa jahazi, waendesha boda, vijana warefu wa kuvalishwa kijeshi, wanawake wa Lamu wenye mabuibui yao wenyewe. Mpwa wangu anajua kupiga kasia na kutandika kitanda cha hoteli ya nyota tano. Nimemwambia aandike vyote viwili kwenye maelezo yake, maana huwezi kujua.

Kuna jambo la kupima ambalo halimo kwenye malipo. Filamu kubwa za wageni kuhusu kwetu hupenda vita, maandamano na wakimbizi. Shooting Dogs, iliyotoka 2005, ilipigwa Kigali kwenye shule ileile ya ufundi ya ETO ambako mauaji yalitokea mwaka 1994, na baadhi ya manusura walifanya kazi kwenye filamu hiyo. Wengine waliona ni ushahidi unaofaa kutolewa. Kila mtu na moyo wake. Lakini mimi niliwahi kusimama kwenye sini ya vurugu za uchaguzi, matairi yanaungua, watu wanakimbia kwa amri ya kipaza sauti, na mama mmoja wa makamo kando yangu akaketi chini teki ya tatu, asinyanyuke. Yeye 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alikuwa Naivasha. Hakuna aliyemuuliza kabla. Una haki ya kuuliza sini ni ya nini kabla hujapanda basi, na una haki ya kusema hii sitaiweza.

Kuhusu ukweli wa kazi yenyewe: kwa sheria ya Kenya kikundi cha nje hakiruhusiwi kupiga filamu bila leseni, na lazima kipitie wakala wa hapa aliyesajiliwa. Tanzania nako kibali hutoka Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976. Kwa hiyo anayekuambia "tuna filamu ya Hollywood" muulize wakala wa hapa ni nani. Mwenye kazi ya kweli atakutajia jina mara moja. Tapeli atakasirika.

Vichochoro vingine

Filamu za wanafunzi wa vyuo: hazilipi, zinakulisha chapati na maharagwe, lakini utapata kipande cha video kinachokuonyesha ukifanya kazi. Mbili zinatosha. Filamu za Riverwood, zile zinazozaliwa maduka ya River Road: haraka, za kuchekesha, na pengine ukapewa maneno siku ya kwanza kwa sababu mwenye maneno hakuja. Video za muziki: uliza malipo, uliza mavazi, uliza mtamaliza saa ngapi, na uliza nani atawarudisha nyumbani. Majibu yakija nusunusu, baki nyumbani.

Wanaouza viti vya kungoja

Hapa nina kisasi changu kidogo. Mwaka nilipoanza, ofisi moja ya katikati ya mji, ghorofa ya tatu, kuta zimejaa picha za mastaa, ilinitoza shilingi 3,000 za "usajili na picha za kitaalamu". Nikapigwa picha sita mbele ya pazia la bluu. Sikuitwa kazi hata moja. Baadaye nilikutana na watu kumi na wawili wenye pazia lilelile nyuma yao.

Wakala wa kweli anakula kwenye kazi uliyofanya. Asiyekuletea kazi hana cha kukata. Picha za kuanzia piga kwa simu: mwanga wa dirisha, ukuta mtupu, moja ya uso na moja ya mwili mzima, bila mekapu nyingi, bila miwani ya jua, na ziwe za mwaka huu. Ukinyoa au ukisuka, piga upya. Mratibu aliyeomba mwanamume mwenye ndevu akapokea kidevu kitupu alfajiri hatakusamehe.

Walio Marekani

Binamu yetu mmoja yuko Atlanta, naye aliniuliza lilelile. Huko mambo yamepangwa zaidi. Central Casting, kampuni iliyoanza Los Angeles mwaka 1925 na sasa ina ofisi Georgia pia, husajili maekstra bila kuwatoza, ila lazima uthibitishe una haki ya kufanya kazi nchini. Mwenye visa ya mwanafunzi asicheze na hilo. Uekstra ni kazi, na kazi nje ya chuo bila kibali inaweza kumpotezea visa. Kwa miaka mingi asiye mwanachama wa SAG-AFTRA akifanya siku tatu kwa vocha za chama, yaani hati za siku aliyofanya kazi kwa masharti ya chama, alistahili kuomba uanachama, na kwa hiyo kule watu walifukuzia vocha kuliko walivyofukuzia pesa ya siku. Huku kwetu hakuna vocha. Kinachohesabika ni mratibu kukukumbuka kwa jina.

Nilichomwambia mpwa wangu

Yeye ana miaka ishirini na miwili, mgeni mjini, hana mke wala mkopo, na anataka siku moja awe na maneno. Huyo aanze na tamthilia, bila kusitasita. Atakosa pesa lakini atajifunza kupotea, na wanaomfundisha ndio watakaomwita. Usaili wa matangazo ahudhurie kila anapoitwa, akijua kwamba ni bahati nasibu, na asisaini zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezewa. Filamu ya wageni ikija, aende, achukue namba yake, ale vizuri.

Angekuwa dada yake, mwenye watoto wawili na duka la nguo Mwembe Tayari, ningemwambia kinyume: tamthilia itamla siku nyingi mno. Yeye akae na duka lake, apeleke picha kwa mawakala wa matangazo wawili watatu, na afunge duka siku anayochaguliwa tu. Na mzee wa miaka sitini aliyestaafu, mwenye mvi na subira, huyo ana kazi kila mahali. Wazee ni wachache kwenye orodha, na kila tamthilia ina matanga.

Kijana alifika Jumapili kwa treni. Jumanne jioni akapata ujumbe: mkahawa, watu kumi, kuripoti saa kumi na moja alfajiri, njoo na nguo tatu. Akazitandika kitandani akanitumia picha. Shati jeupe, shati la mistari myembamba, na fulana ya kijani yenye nembo ya klabu ya Uingereza kifuani. Nikampigia. Jeupe linamulika kwenye taa, mistari myembamba inacheza kwenye kamera, nembo haitakiwi kwa sababu ina mwenyewe. Akakaa kimya kidogo.

"Sasa mjomba, nivae nini?"

Nimempa mashati yangu mawili, la kahawia na la bluu iliyopauka, na sweta. Godauni lile lina baridi kabla jua halijatoka, na yeye ametoka Kisauni.